Tawasifu ya kashfa ni ipi hasa?

Mtu mashuhuri akitoa kitabu na kueleza humo alivyolewa, alivyofilisika au alivyoachika, haipiti siku utasikia kimeitwa tawasifu ya kashfa. Sivyo. Tawasifu ya kashfa ni masimulizi ya mtu kuhusu maisha yake ambamo anaanika siri za watu aliokuwa nao karibu: wapenzi, waajiri, wakubwa aliowatumikia. Maana yake ni hiyo tu.

Linalotupoteza ni neno kashfa. Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu kashafa, yaani kufunua, kuondoa kilichositiri kitu. Humo hamna tusi wala uongo. Masufi wana neno kashf, nao hulitaja kwa heshima kubwa, kwa maana ya ukweli unaomfunukia mtu moyoni. Kwetu neno limehama: kesi ya kashfa ni ya kumchafulia mtu jina, na kukashifu ni kumtolea mwenzio maneno ya kumdhalilisha. Ndipo msomaji anapodhani tawasifu ya kashfa ni kitabu cha matusi au cha uzushi. Lakini mzushi ana nini cha kufunua? Mwandishi wa kashfa sharti awe alikuwamo ndani, aliona, alisikia.

Mwaka 1825, huko London, Harriette Wilson, aliyekuwa hawara wa mabwana wakubwa, alianza kuchapisha kumbukumbu zake. Yeye na mchapishaji wake waliwaandikia waliokuwa watajwe: lipa, jina lako liondolewe kitabuni. Wapo waliolipa. Duke wa Wellington, jemadari aliyemshinda Napoleon, alitajwa. Tazama wanunuzi walikuwa wakisubiri nini: si habari za Harriette, maana yeye alijulikana mji mzima. Walitaka ya mabwana.

Sasa mweke kando yake Jean-Jacques Rousseau, mwanafalsafa wa karne ya kumi na nane, pale anaposimulia katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyoiba utepe akiwa kijana, kisha akamsingizia mtumishi mwenzake wa kike. Katika kisa hicho aliyevuliwa nguo ni Rousseau mwenyewe. Msichana anatoka akiwa safi. Hayo ni maungamo, hata kama yanashtua kuliko kashfa nyingi.

Kwa hiyo mwandishi akijianika mwenyewe, tuseme ameungama, na kitabu chake tukiite tawasifu tu. Cha kashfa ni kile kinachofunua ya wenzake.