Hamira yenye chuma: pima kilichoingia, usipime kilichoganda nje

Nataka hamira iliyobadilishwa jeni ili ihifadhi chuma kingi, kisha ikaushwe na kujazwa kwenye vidonge vya kuongeza chuma mwilini. Ukitia chumvi ya chuma kwenye hamira hai, ukaikausha na kuipima, itaonekana imesheheni madini. Lakini sehemu kubwa inaweza kuwa imeganda tu kwenye ukuta wa seli, na hata hamira iliyochemshwa ikafa hushika chuma cha namna hiyo. Kwa hiyo mimi huandaa chupa tatu: hamira ya kawaida, iliyobadilishwa, na iliyokufa, zote zikitiwa chuma. Chupa ya tatu ikikosekana, siamini takwimu zozote.

Saccharomyces cerevisiae, hamira ileile ya mandazi, haina feritini yake, yaani protini ya kuhifadhi chuma. Akiba ya chuma huiweka kwenye vakuoli (kifuko cha akiba ndani ya seli), na protini inayokiingiza humo ni Ccc1. Ndiyo maana naanza na jeni ya CCC1: naiwekea promota (swichi ya kuwasha jeni) yenye nguvu, kama ile ya jeni ya TEF1. Chuma kikihamia vakuoli, sehemu nyingine ya seli huhisi upungufu, kisha protini ya Aft1 huwasha jeni za kuvuta kingine kutoka nje. Ccc1 hupitisha manganizi pia, kwa hiyo ipimwe vilevile.

Ingiza badiliko kwenye kromosomu. Plazimidi (kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu) itapotea, maana tangi la molasi halina kitu cha kuilazimisha seli iitunze. Hamira za viwandani aghalabu zina nakala zaidi ya mbili za kila kromosomu: kuipa nguvu nakala moja ya CCC1 kunatosha, ila kufuta jeni kunataka nakala zote.

Feritini ya binadamu inavutia, kwani vipande 24 hujenga kibuyu kinachoweza kubeba hadi atomi 4,500 za chuma. Ila bila chuma cha kutosha kuingia kwenye seli, kibuyu hubaki karibu kitupu. Ije baadaye.

Kwa lita moja ya mchanganyiko wa chuma wa kulishia hamira, pima gramu 1.39 za feras salfeti yenye maji saba (hizo ni takriban miligramu 280 za chuma) na gramu 2.1 za asidi ya sitriki monohaidreti. Yeyusha siku hiyohiyo, chuja kwa kichujio cha mikroni 0.2 badala ya kuchemsha, kisha weka pH 4.5. Pasipo sitriki, na pH ikipanda, chuma huoksidika na kutuama. Rangi ya kijani hafifu ikigeuka ya kutu, mwaga uanze upya. Molasi za ukanda wa miwa wa Muhoroni na Chemelil zina chuma chake pia, na kila shehena hutofautiana, zipime kwanza.

Baada ya kuvuna, ili kung'oa chuma kilichoganda nje, osha seli mara mbili kwa maji yenye, kwa lita, gramu 14.7 za trisodiamu sitreti daihaidreti na 1.9 za disodiamu EDTA, pH 6.5, halafu mara mbili kwa maji yaliyoondolewa madini. Kausha kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike. Yeyusha kwa asidi ya nitriki chini ya kofia ya moshi, kisha punguza asidi ya ziada kwa moto mdogo, la sivyo itavuruga rangi ya fenanthrolini (kemikali inayotoa rangi ikishikana na chuma), inayosomwa kwenye nanomita 510. Vyombo vyote vilowekwe kwanza kwenye asidi ya asilimia 10. Punje ya kutu huharibu kipimo kizima.

Huku Kisumu kiwango hiki kina uzito zaidi. Utafiti wa Pemba uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa, penye malaria nyingi, watoto wadogo waliopewa chuma na asidi foliki bila kupimwa kwanza walilazwa hospitalini zaidi ya wenzao. Kwa hiyo kila shehena ya hamira ipimwe upya kabla ya kujazwa kwenye vidonge, na kiasi kitakachoandikwa kwenye lebo kiwe cha shehena hiyo.