Tumaini si ahadi ya kufaulu: kwa walimu wa shule ya Jumapili

Kabla hujafungua Biblia, shughulika na neno lenyewe, maana Kiswahili kimetutegea mtego. Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba tamaa ni kitu kibaya: fisi ana tamaa, na tamaa mbele, mauti nyuma. Jumapili anaambiwa asikate tamaa. Akinyamaza, si kwamba ameelewa.

Mimi huanza na kitenzi. Waulize: “Mvua kubwa ikinyesha saa ya kutoka shule, unamtumaini nani aje kukuchukua?” Watakutajia bibi, kaka, shangazi, pengine bodaboda wa mtaani. Hakuna atakayekujibu “natumaini mvua itaisha.” Hapo somo limeshaanza: tumaini lina mtu ndani yake. Biblia nayo inasema hivyohivyo, na kwa bahati Kiswahili kinatumia neno moja kwa kumtegemea mtu na kwa kungoja jema kutoka kwake. Dakika tano zinatosha.

Kisha nanga, kwa sababu Waebrania 6:19 inaliita tumaini nanga ya roho. Chukua beseni pana la kufulia, lijaze maji kimo cha sentimita 15. Kopo tupu la siagi ndiyo mashua. Toboa tundu karibu na ukingo, funga uzi, na mwisho wa uzi funga jiwe la ukubwa wa yai. Mwanzo jiwe likae ndani ya kopo. Watoto wapulize, mashua iende ikagonge ukingo wa beseni. Halafu shusha jiwe katikati, wapulize tena.

Jaribio hili huharibika kwa sababu ya urefu wa uzi. Uzi wa sentimita 10 haufiki chini: jiwe linaning’inia, kopo linainama na kuingiza maji. Wa sentimita 40 unaliachia kopo lifike ukingoni, na wajanja watatangaza kwamba nanga haifanyi kazi. Weka sentimita 20 hivi. Baada ya hapo uliza maswali mawili tu: “Upepo umekoma?” na “Mashua imekwenda wapi?” Upepo haujakoma, na hilo ndilo la kusisitiza. Usiharakishe kulifafanua, acha walitamke wenyewe. (Kwa watoto wa bara ambao hawajaona nanga, tangulia na picha ya mashua, la sivyo utafundisha habari za jiwe.)

Sehemu ngumu ni msiba. Misibani watu wazima husema “Mungu amempenda zaidi,” au “kazi ya Mungu haina makosa.” Sisi kwa sisi tunafarijiana. Mtoto wa miaka sita anasikia kwamba Mungu akikupenda sana, unakufa, na huenda akaanza kuogopa kupendwa na Mungu. “Amelala” nayo humfanya mwingine aogope kitanda. Sema wazi: “Baba amekufa. Mwili wake haufanyi kazi tena, hasikii maumivu. Tunalia kwa sababu tulimpenda.” Ndipo ulete Yohana 11, Yesu akimlilia machozi rafiki yake Lazaro, ingawa alijua kabisa kwamba atamfufua. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwaambia wasihuzunike kama wasio na matumaini. Ukiruka machozi ukakimbilia ufufuo, mtoto hujifunza kwamba kanisani huzuni haitakiwi, na siku nyingine hataileta.

Kwa vijana, mstari unaochoshwa kuliko yote ni Yeremia 29:11, Mungu akisema anawawazia watu wake mawazo ya amani, kuwapa tumaini. Unaandikwa kwenye kadi za mitihani kana kwamba ni tiketi ya daraja la kwanza, na matokeo yakitoka mabaya, kijana anahesabu kwamba ama Mungu amedanganya, ama yeye hahusiki. Msomeshe barua nzima ya Yeremia yenye mstari huo. Wasomaji wake wa kwanza walikuwa uhamishoni Babeli, na mstari wa 10 unawaambia miaka 70: wengi wao wasingeiona Yerusalemu tena. Mstari wa 5 unawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Mwulize kijana, “Bustani yako mwaka huu ni ipi?” Majibu yawe madogo: kurudia somo moja, kujifunza cherehani, kumsaidia mama gengeni.

Darasa la kipaimara lina uwezo wa kuandika zaburi. Tumia Zaburi 13, ina mistari sita tu. Mistari miwili ya mwanzo inauliza “hata lini” mara nne, miwili inaomba, miwili inageukia kutumaini. Wape karatasi na dakika 20: maswali manne yanayoanza na “hata lini,” ombi moja, na sentensi moja ya kutumaini kama ipo. Wasiandike majina. Usikusanye, usisome kwa sauti ila kwa hiari ya mwenyewe.

Kaeni watu wazima wawili, mlango wazi, na usiahidi siri kabla hujasikia neno. Sema mapema: “Ukiniambia jambo linalokuumiza, nitatafuta mtu wa kutusaidia.” Kijana akiandika kwamba anapigwa, ananajisiwa au hataki kuishi, omba naye, kisha chukua hatua siku hiyohiyo. Namba 116 ya msaada kwa watoto ipo Tanzania, Kenya na Uganda, na kuipiga ni bure. Asirudi peke yake mikononi mwa anayemwumiza.

Kuna watakaoishia kwenye maswali, sentensi ya mwisho iwe tupu. Usiwajazie. Wafungulie Zaburi 88, inayoishia gizani bila kugeuka, na bado ni sala: tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, mtu huyo anaongea na Mungu.