Je, wajua kwa nini Wagiriki wa kale waliicheka miungu yao?

Mungu Hermes alizaliwa alfajiri, pangoni katika mlima Kyllene huko Ugiriki. Kufika adhuhuri alikuwa ameshaokota kobe, amegeuza gamba lake kuwa kinubi, na anakipiga. Jioni akatoka kimyakimya kwenda kuiba ng'ombe 50 wa kaka yake Apollo. Aliwaswaga kinyumenyume ili nyayo zielekee kule walikotoka, na yeye mwenyewe akavaa viatu vya matawi yaliyosukwa, asijulikane ni kiumbe gani aliyepita. Akarudi nyumbani, akapenya kwenye tundu la mlango kama ukungu, akajilaza kwenye ungo wa kupepetea nafaka uliokuwa kitanda chake, akajikunyata ndani ya nguo zake za kitoto.

Apollo alipofika kudai mali yake, kichanga kikajitetea: nimezaliwa jana tu, nyayo zangu laini na ardhi ngumu, nijuacho mimi ni usingizi, maziwa ya mama na kuogeshwa maji ya moto. Apollo akamnyanyua. Hermes akajamba, kisha akapiga chafya. Apollo akamwachia, akaanguka chini puu!

Ukikikuta kisa hiki kwenye kitabu cha watoto, utadhani huko kujamba kumetiwa na mwandishi wa siku hizi ili wasomaji wake wacheke. Sivyo. Kumo ndani ya utenzi wa kale wa Kigiriki wa kumsifu Hermes, ambao hukadiriwa kutungwa karne ya 6 KK. Wimbo wa kumtukuza mungu! Na kesi ilipofika kwa Zeus, mfalme wa miungu na baba yao, mtoto yule akiapa huku anakonyeza jicho, baba mtu aliangua kicheko.

Iliwezekanaje watu wakaiabudu miungu, wakaichinjia ng'ombe na kuijengea mahekalu, kisha wakaicheka?

Kwanza, Wagiriki hawakuwa na kitabu kimoja kitakatifu, wala baraza la makuhani la kuamua hadithi ipi ni halali. Kila mshairi aliisimulia kwa namna yake. Lakini kwangu mimi sababu nzito zaidi ni hii: mungu wa Kigiriki hakumzidi binadamu kwa wema. Alimzidi kwa nguvu na kwa kutokufa. Ana wivu, ana hasira, anadanganya, ila hafi. Na asiyekufa, hata akiumia vipi, msiba wake haufiki mbali.

Tazama vita vya Troia katika utenzi wa mshairi Homer, Iliad. Ares, mungu wa vita, anachomwa mkuki chini ya kitovu na Diomedes, binadamu tu, aliyesaidiwa na mungu wa kike Athena. Anapiga ukelele kama wa wanaume elfu tisa au elfu kumi, kisha anakimbilia kwa baba yake kushtaki. Zeus anamfokea: usije kunililia hapa, katika miungu wote hakuna ninayemchukia kama wewe. Hata hivyo anaamuru atibiwe. Ares anapona, anaogeshwa, anavishwa nguo nzuri, anakaa karibu na baba yake akijiona. Huko chini wanajeshi waliochomwa mikuki ileile hawainuki tena. Homer ameviweka vicheko na vilio katika utenzi mmoja, na ndiyo sababu sichoki kuurudia.

Kicheko hicho kilifika hadi kwenye ibada. Mwaka 405 KK, katika sikukuu ya Dionysos, mungu wa mvinyo, mjini Athens, mtunzi Aristophanes alileta tamthilia yake ya Vyura. Shujaa wake ni Dionysos mwenyewe, amevaa ngozi ya simba ajifanye shujaa Herakles, anakwenda kuzimu. Anapiga kasia mpaka makalio yanamuuma na malengelenge yanamtoka, huku vyura wakimzomea: brekekekeks koaks koaks! Anapotishwa na zimwi, anamkimbilia kuhani wake, yule wa kweli, aliyekaa kiti cha mbele akitazama, amwokoe. Tamthilia hiyo ilipata tuzo ya kwanza.

Mpaka ulikuwepo, tena mkali. Miaka 6 baadaye, mwaka 399 KK, mji huohuo ulimhukumu mwanafalsafa Socrates kifo, na moja ya mashtaka lilikuwa kutoitambua miungu ya mji. Kumcheka Dionysos kwenye sikukuu yake kulikuwa njia ya kumsherehekea. Kumkana lilikuwa jambo jingine.

Kwa hiyo anayewasimulia watoto visa hivi leo hana haja ya kubandika vichekesho. Yapo mambo ya kikatili ya kuruka, na majina mengi ya ukoo yanayoweza kusubiri, lakini kicheko tayari kimo. Mtoto aliyekua na Sungura mjanja atamtambua Hermes mara moja, na hatakubali uishie pale alipoanguka. Atauliza: ng'ombe je? Mwambie kwamba Hermes alipokipiga kile kinubi cha gamba la kobe, hasira za Apollo zilikwisha palepale, akakitamani, wakabadilishana. Apollo akaondoka na kinubi. Hermes akabaki na ng'ombe 48, maana wawili alikuwa ameshawachinja usiku ule.