Je, wajua? Neno eutanasia lilianza kama dua

Likitajwa neno eutanasia, wengi hufikiria daktari, sindano na mgonjwa aliyeomba afe. Na kwa kuwa neno ni la Kigiriki, ni rahisi kuamini kwamba Wagiriki wa kale walilibuni kwa ajili ya tendo hilo. Sivyo. Eu ni vema, thanatos ni kifo. Ndani ya neno hamna daktari wala dawa.

Ushahidi mzuri unatoka Roma. Mwandishi wa Kirumi Suetonius anasimulia kwamba Kaisari Augusto, karibu kila aliposikia mtu amekufa upesi bila mateso, alijiombea yeye na jamaa zake eutanasia kama hiyo, akitumia neno lenyewe la Kigiriki. Augusto alifia Nola, mji wa Italia, mwaka 14 BK, mikononi mwa mkewe Livia. Suetonius aliandika kama miaka 100 baadaye, hivyo habari za kitanda chake cha mauti zipokewe kwa tahadhari, lakini matumizi ya neno yako wazi: ni jambo la kuombwa, halina mtendaji.

Hii haina maana kwamba tendo lenyewe halikujulikana. Kiapo cha Hippocrates, kile cha matabibu wa Ugiriki ya kale, kinamkataza tabibu kumpa mtu sumu hata akiombwa. Ila hakiliiti tendo hilo eutanasia.

Maana ilihamaje basi? Chukua shamba. Eutanasia ya Augusto ni mvua: mkulima anaiomba, nayo huja au isije. Mwaka 1605 Mwingereza Francis Bacon aliandika kuwa ni wajibu wa daktari pia kumtuliza anayekata roho. Huyo amechimba mfereji. Mvua bado inanyesha kwa wakati wake, ila sasa mtu anaielekeza kwenye mche. Mwaka 1826, huko Göttingen, Ujerumani, daktari Carl Friedrich Heinrich Marx alilitumia neno hilo kwa maana ileile ya kumtunza anayekufa, na alipinga kabisa kuharakisha kifo. Halafu madaktari wakapata klorofomu, dawa ya usingizi, mwaka 1847. Mwaka 1870 Samuel Williams, ambaye hakuwa daktari, akapendekeza itumike kumaliza maisha ya mgonjwa asiyepona, kwa ombi lake. Hapo mtu haisubiri tena mvua. Ameshika ndoo mwenyewe. Na neno likabaki lilelile, jambo linalonishangaza hadi leo.

Wanazi walilichafua vibaya zaidi. Kuanzia mwaka 1939 waliliita hivyo pia zoezi la kuua watu wenye ulemavu na wagonjwa wa akili, ambao hawakuomba chochote. Hadi Agosti 1941 waliouawa walizidi 70,000. Ndiyo maana Wajerumani wengi leo hulikwepa, wakasema “msaada wa kufa”.

Sheria ya Uholanzi iliyoanza kutumika mwaka 2002 hailitaji neno eutanasia katika jina lake. Inasema kukatisha uhai kwa ombi. Ubelgiji, mwaka huohuo, ililiweka waziwazi, na kulifafanua kuwa ni tendo la mtu mwingine la kukatisha uhai kwa makusudi, kwa ombi la mwenyewe.