Asilimia 82 ya nini?

Wiki hii nimeoneshwa namba ileile kwa mara ya tatu. Kijana kamleta mama yake kliniki kutoka Mbagala, bahasha ya eksirei kwapani, simu mkononi. Nimemwamkia mama, kaitikia, na kabla sijaitoa picha kwenye bahasha kijana kaniwahi: "Daktari, nimesoma kubadilisha goti kunafanikiwa kwa asilimia 82."

Hapana. Jamani, hapana!

Namba yenyewe ni ya kweli. Ilitoka mwaka 2019 katika jarida la Lancet, ikakokotolewa kutoka kwenye rejista za wagonjwa waliokwisha kupasuliwa. Inachosema ni hiki: katika magoti bandia 100 ya kubadilisha goti zima, takriban 82 bado hayajarudiwa upasuaji baada ya miaka 25. Basi. Tukio linalohesabiwa ni moja tu, kufunguliwa tena na kubadilishiwa kifaa. Hakuna aliyeulizwa kama analala usiku.

Kifaa kinaweza kukaa imara kabisa kwenye mfupa na mwenye goti akawa anaugulia kila siku. Yuko anayeumwa lakini haukubali tena mkasi. Yuko ambaye moyo wake hauhimili dawa ya usingizi mara ya pili. Yuko aliyerudi kijijini Nachingwea na nauli ya kuja Dar hana. Wote watatu, kwenye hesabu, magoti yao "yamedumu". Tukizihesabu kazi zetu kwa kipimo hicho peke yake, hapa ambapo kurudia upasuaji ni ghali na wanaoufanya ni wachache, namba zetu zitapendeza kwa sababu watu wameshindwa kurudi. Hilo linaniuma kuliko namba yoyote mbaya.

Ukiwauliza wagonjwa wenyewe picha inabadilika. Tafiti nyingi zinakuta takriban mmoja kati ya watano hajaridhika na goti lake jipya. Na hao si wa bahati nasibu. Mara kwa mara anayepata nafuu ndogo ni yule ambaye eksirei yake ilionesha gegedu, ule utando laini kati ya mifupa, bado ipo, au anayeumwa na sehemu nyingine nyingi za mwili, au mwenye sonona isiyotibiwa. Kwa hiyo ule ushauri wa "fanya mapema kabla halijaharibika" mara nyingi unampeleka chumba cha upasuaji mtu asiye wake.

Umri nao una hesabu yake. Lancet ya mwaka 2017: aliyebadilishiwa goti baada ya miaka 70, uwezekano wa kurudiwa maishani ni kama asilimia 5. Mwanamume wa miaka hamsini na kidogo, unafika asilimia 35. Mwenye miaka 52 anayeniharakisha namsomea namba hiyo kwanza.

Sasa wasiwasi wangu. Wagonjwa wetu wanakuja wamechelewa, na matege, goti limekakamaa halinyooki. Ninapowasomea namba za Wasweden, walioanza rejista yao ya magoti mwaka 1975, nazisoma kwa sauti ya chini. Dodoso la Oxford, ambalo mgonjwa hulijaza kuhusu goti lake, maswali 12, alama 0 hadi 48, linauliza kuhusu ngazi, manunuzi, usafiri, kupiga magoti na kuinuka. Haliulizi choo cha kuchuchumaa. Kusimama kwenye daladala hadi Kariakoo si sawa na kukaa kwenye basi la Stockholm. Majirani zetu Malawi walianzisha rejista yao ya viungo bandia mwaka 2005, kwa hiyo umaskini hautoshi kuwa sababu ya kutoweka kumbukumbu zetu. Tuwaulize watu wetu, kwa maswali ya maisha yao, na tuandike.

Eksirei ya yule mama ilikuwa mfupa juu ya mfupa upande wa ndani. Nikamweleza yote haya, kijana akaiweka simu mfukoni. Mama akauliza jambo moja: "Nitaweza kusujudu?"

Nikamwambia wengi wenye goti bandia wanapata tabu kupiga magoti, na wengine wanaswali wamekaa kwenye kiti moja kwa moja. Akanyamaza, akaivuta khanga ikafunika goti.

"Kiti ninacho tangu Ramadhani mwaka juzi, mwanangu. Mimi taabu yangu ni usiku. Nageuka, naamka, nakaa kitandani mpaka adhana."

Nimeyaandika hayo kwenye faili lake kama alivyoyasema, na tarehe ya kumuuliza tena mwaka mmoja baada ya upasuaji.