Dingi mpya au Laser ile ile? Maoni ya fundi anayeshika na saa

Jumamosi iliyopita tulikuwa na dingi saba kwenye mstari wa kuanzia, za aina nne. Mimi nilikuwa kwenye boti ya waamuzi, saa mkononi, daftari ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu kusi ilikuwa inarusha maji mpaka kwenye kiti. Wa kwanza kuvuka mstari hakushinda. Wa pili naye hakushinda. Aliyeshinda alifika wa nne, na habari ya ushindi wake aliipata dakika arobaini baadaye, nilipomaliza kuzidisha na kugawanya. Alikuwa ameshakunja tanga na yuko katikati ya sahani ya chipsi mayai. Alisema, "Kumbe!" akaendelea kula.

Hapo ndipo ule mjadala wetu wa kila mwaka ulipowaka tena: klabu ikipata fedha, inunue dingi za kisasa, au iongeze zile zile za miaka yote? Mimi ni fundi wa faiba, na siku za mashindano ndiye ninayeshika saa. Kwa kazi zote mbili jibu langu ni moja: tubaki na klasi iliyokwishaota mizizi. Ila sababu zangu si zile za wazee wa klabu, na baadhi ya sababu zao nazikataa kabisa.

Kwa mgeni wa mchezo huu, dingi ni mashua ndogo ya tanga isiyo na mkuku mzito. Uzito unaoizuia isipinduke ni mwili wako, ukining'inia upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, huku miguu imenasa kwenye mkanda. Klasi ni kundi la dingi zilizoundwa kwa kanuni moja, ili anayetangulia awe ametangulia kwa ubaharia wake, si kwa ubora wa chombo. Klasi maarufu kuliko zote hapa kwetu, na pengine duniani, ni Laser. Bruce Kirby wa Kanada aliichora mwaka 1969 akiwa anazungumza kwenye simu na rafiki yake Ian Bruce, na mwaka 1971 ikaingia sokoni. Urefu wake ni mita 4.23, bodi, yaani mwili wake bila mlingoti na tanga, lina kilo 59, na zimeshaundwa zaidi ya 200,000. Iliingia Olimpiki mwaka 1996 kule Atlanta. Mwaka 2019, baada ya mvutano wa haki ya jina, klasi ikaanza kujiita ILCA, kifupi cha jina la Kiingereza la chama chake, lakini nenda ufukweni wowote useme "ILCA" uone nani atageuka.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba bodi ni moja kwa watu wote. Kinachobadilika ni mlingoti wa chini na tanga: ILCA 7 ina tanga la mita za mraba 7.06, ILCA 6 ina 5.76, ILCA 4 ina 4.7. Binti wa miaka kumi na minne asubuhi, baba yake mchana, dingi ile ile.

Sasa turudi kwenye hesabu yangu ya Jumamosi, maana shida yote imejificha humo. Dingi za aina tofauti zikishindana pamoja, tunatumia mfumo wa Uingereza uitwao Portsmouth Yardstick. Kila aina ina namba yake. Unachukua sekunde alizotumia baharia, unazidisha kwa 1,000, unagawanya kwa namba ya dingi yake. Tuseme ILCA 7 ina namba 1,100 na RS Aero 7, ambayo ni dingi ya kisasa, ina 1,065. Namba hizo hurekebishwa mara kwa mara, lakini ziko karibu na hapo. Mwenye ILCA akimaliza kwa dakika 55, yaani sekunde 3,300, hesabu inampa 3,000. Mwenye Aero, ili watoke sare, lazima afike kwa sekunde 3,195. Kwa maneno mengine, anatakiwa amtangulie mwenzake kwa dakika moja na sekunde 45. Akimtangulia kwa dakika moja na nusu, ameshindwa.

Kwenye karatasi ni haki. Sasa weka bahari yetu ya Msasani, Dar es Salaam. Mwenye dingi ya kasi anazunguka boya la mwisho maji yakiwa yamesimama. Mwenye dingi ya polepole anafika pale pale dakika chache baadaye na kukuta maji yameanza kupwa, yanamvuta nyuma. Namba haijui habari za maji kupwa. Au kusi inapanda kidogo, dingi nyepesi inainuka na kuteleza juu ya mawimbi kama jiwe la bapa ulilorusha, ile nzito bado inalima. Namba ni wastani wa mashindano mengi, na mengi yake hayakufanyika kwenye kusi yetu.

Lakini hata namba ingekuwa sahihi kama mizani ya dhahabu, bado kitu kimoja kingepotea. Mkiwa wote kwenye Laser, mnapiga bisho, yaani mnapanda upepo kwa kukata huku na huku, mnakutana katikati: mmoja anapita mbele ya gubeti, yaani omo, ya mwenzake, na wote wawili mnajua pale pale nani ametangulia. Unaamua umfuate au ukate upande wa pili. Mchezo wote uko hapo. Kwenye mbio za mchanganyiko unakutana na mtu, unajiuliza, "Huyu namdai sekunde ngapi?" Unashindana na daftari langu.

Kwa hiyo ninaposema klasi iliyoota mizizi, sisemi dingi bora. Tuwe wakweli hapo. Mwezi Machi 2019 shirikisho la dunia la mchezo huu, World Sailing, lilipeleka dingi nne Valencia, Hispania, zijaribiwe ili ipatikane dingi ya mtu mmoja kwa Olimpiki ya 2024: Laser, RS Aero, D-Zero na Melges 14. Jopo la tathmini likapendekeza Aero. Mwezi Mei baraza la shirikisho likakutana London, likaibakiza Laser. Wapo waliosema ni uzee na siasa. Mimi nadhani jopo liliulizwa kuhusu chombo na likajibu vizuri. Baraza lilikuwa na swali lingine, la nani atabaki nje. Allan Julie wa Shelisheli alikwenda Olimpiki kwa Laser kuanzia 1996. Deizy Nhaquile wa Msumbiji alikwenda Tokyo kwa Laser ya tanga dogo. Nchi kama hizi, na sisi tumo, huanza na dingi iliyotumika, iliyonunuliwa kwa mtu anayehama. Hakuna soko la mitumba kwa chombo kilichotoka kiwandani juzi.

Sasa niseme kama fundi. Aero ina bodi la kilo 30 tu. Vijana wawili wanaibeba maji yakiwa yamekupwa, wanavuka mawe na kuiweka majini bila kuita mtu. Laser kwenye mchanga laini, hata na kitoroli chake, ni watu wazima wawili na matusi kidogo. Wazee husema, "Ugumu huo ndio unaofundisha." Hapana. Ugumu huo unafundisha watoto wa kike kukaa nyumbani. Foramali yake ya chini inapita karibu sana na kichwa, na ukingo wake unaacha alama nyuma ya mapaja kwa wiki nzima. Hakuna ubaharia unaojifunza hapo.

Magonjwa yake nayo nayajua kwa majina. Mlingoti wa juu hupinda palepale kwenye ribiti ya kola, ile pete ya maungio na mlingoti wa chini, ukishapinda haurudi. Tanga lake huchoka mapema, nalo lazima liwe la kiwanda kilichoidhinishwa ndipo uruhusiwe kwenye mashindano makubwa. Ugonjwa mbaya kuliko yote uko kwenye tundu linalopokea mlingoti: mchanga huingia, mlingoti unasaga siku baada ya siku, chini panatoboka, maji yanaingia ndani ya bodi bila mtu kuona. Siku ya upepo mkali sehemu yote hung'oka, mlingoti unalala na baharia wake.

Lakini magonjwa haya nina dawa yake. Rezini ya poliesta na kitambaa cha faiba nanunua duka lile lile wanakonunua mafundi wa boti za uvuvi. Bodi za kisasa ni epoksi na kaboni: nyepesi, ngumu, nzuri mno, na zikipasuka kwenye mwamba zinataka vifaa ambavyo mimi lazima niviagize na kuvisubiri. Dingi inayosubiri dawa miezi mitatu chini ya mwembe haishindani na mtu.

Kijana mmoja aliniambia, "Fundi, ninyi mnaogopa maendeleo, na ngalawa je?" Hoja nzuri, na nimeifikiria sana. Kwenye resi za ngalawa hakuna kanuni ya klasi ya kimataifa. Kila fundi huchonga anavyojua, husogeza mlingoti, hubadili ndubi, yale maboya ya ubavuni, hukata tanga upya usiku wa kuamkia mashindano. Wenzetu wa Ulaya na Australia wanayo klasi ya namna hiyo, Moth, yenye urefu usiozidi mita 3.355 na uhuru mkubwa kwa mengine yote. Ndiyo maana ikafika mahali pa kuruka juu ya maji kwa mabawa ya chini. Ningependa sana kuiona ikipita mbele ya kisiwa cha Bongoyo. Ila tofauti ni hii: mwenye ngalawa akishindwa leo, kesho anachukua tezo. Gharama ni jasho lake na gogo la mwembe. Mwenye Moth akishindwa anaagiza bawa jipya la kaboni kwa ndege.

Klasi ya zamani nayo ikikataa kubadilika kabisa hufa. Laser imeishi kwa sababu ilikubali kidogo kidogo: kamba za kukazia zilizo rahisi kuvuta, tanga lenye mshono mpya, mlingoti wa juu mpya usiopinda ovyo. Dingi ya mwaka wangu wa kuzaliwa bado inaweza kuvishwa vitu hivyo na kupanga mstari mmoja na mpya.

Kwa kamati yetu nimeandika hivi: watoto wabaki kwenye Optimist, lile beseni la mita 2.3 alilolichora Clark Mills wa Florida mwaka 1947, halafu wapande ILCA 4. Kama fedha za Aero zitapatikana kweli, zinunuliwe tano kwa mpigo pamoja na vipuri vyake, zipewe mstari wao wa kuanzia. Zikikosekana tano, isinunuliwe hata moja. Dingi moja ya kisasa peke yake ni bao lisilo na mtu wa upande wa pili.

Yule mla chipsi, mshindi wangu wa Jumamosi, alikuwa kwenye Laser kuukuu ya klabu. Jioni ile nilimwambia tuijaze maji ile tundu ya mlingoti mpaka ukingoni, tuiache ilale. Jumapili asubuhi maji yalikuwa yameshuka vidole viwili. Kwa hiyo wiki hii yuko karakana kwangu na msasa, na Jumamosi ijayo kwenye mstari zitakuwa sita.