Viboko vya Ziada: Adhabu Inapomfikia Joki na Kumpita Mwenye Farasi

Tarehe 29 Julai 2023, kwenye uwanja wa Ascot nchini Uingereza, farasi aitwaye Hukum alimpita Westover kwa tofauti ya kichwa. Mbio zenyewe, King George VI and Queen Elizabeth Stakes, zilikuwa na zawadi ya jumla ya pauni milioni 1.25, na zaidi ya nusu ya fedha hizo ilikwenda upande wa mshindi. Joki wake, yaani mpanda farasi wa mbio, Jim Crowley, alimchapa viboko tisa. Kanuni ziliruhusu sita. Alifungiwa siku 20 na kutozwa faini ya pauni 10,000, akayakosa mashindano makubwa ya York mwezi Agosti. Hukum hakunyang'anywa kitu. Mwenye farasi alibaki na kombe na fedha zake, na mkufunzi naye alipata fungu lake.

Angeongeza kiboko kimoja tu, cha kumi, ushindi wote ungefutwa.

Katika elimu ya ustawi wa wanyama tunayoitoa, suala la mjeledi huletwa zaidi na vijana wanaobeti. Wengi wao wamezizoea mbio za farasi wa kuchorwa kwenye skrini za maduka ya kamari, ambao hawana ngozi ya kuumia, na wanapotazama mbio za kweli hushtuka kuona mikono ikipanda na kushuka mita 200 za mwisho. Huuliza kama inaruhusiwa. Inaruhusiwa kwa kiasi, na kiasi hicho kina watu wa kukihesabu.

Idadi ya viboko ni sehemu moja tu ya kosa. Joki anaweza kuadhibiwa hata kwa viboko vitatu iwapo ameinua mkono kupita usawa wa bega, au amempiga farasi ubavuni badala ya sehemu ya nyuma ya mwili inayoruhusiwa. Anaweza pia kuadhibiwa kwa kuchapa mfululizo bila kumpa farasi nafasi ya kuitikia. Nchini Marekani kanuni inataka baada ya viboko viwili joki asubiri hatua mbili za farasi kabla ya kuongeza. Ni kosa pia kumchapa farasi aliyeishiwa nguvu ambaye hana tena nafasi ya ushindi, aliyekwisha kushinda na hana wa kumfukuza, au aliyevuka mstari. Alama ya uvimbe ikionekana kwenye ngozi, hilo nalo huchunguzwa. Kumgusa begani kwa mjeledi huku mikono yote miwili ikiwa kwenye hatamu hakuhesabiwi.

Hesabu hufanywa kwa video. Kamera huwekwa pembe kadhaa za uwanja, na wasimamizi hurudia picha polepole. Tangu 2023 chombo kinachosimamia mbio nchini Uingereza, British Horseracing Authority, kimelikabidhi suala hili kwa kamati maalumu inayokutana kila Jumanne kupitia mbio za wiki iliyotangulia. Kikomo ni viboko sita katika mbio za uwanja tambarare na saba katika mbio za kuruka viunzi. Akivuka kikomo, joki hufungiwa siku kadhaa, na katika mbio kubwa siku hizo huzidishwa mara mbili. Akivuka kwa viboko vinne au zaidi, farasi huondolewa kwenye matokeo.

Wako wanaosema huu ni usumbufu wa bure, kwa kuwa mjeledi wa siku hizi una sponji na hauumizi. Ni kweli kwamba umebadilika sana ukilinganisha na fimbo ngumu za zamani. Lakini mwaka 2012 Paul McGreevy wa Chuo Kikuu cha Sydney na wenzake walichapisha uchunguzi wa picha zilizopigwa kwa kasi kubwa wakati farasi wakichapwa. Katika asilimia 64 ya mapigo, sehemu ya mjeledi isiyo na sponji iliugusa mwili wa farasi. Katika asilimia 83, ngozi ilionekana ikibonyea. Utafiti mwingine wa Australia, uliotoka 2020, ulilinganisha ngozi ya farasi na ya binadamu kwa hadubini, na haukupata tofauti ya maana katika unene wa tabaka la juu la ngozi wala katika wingi wa miisho ya neva kwenye tabaka hilo. Ngozi ya farasi kwa jumla ni nene kuliko yetu, lakini unene huo uko chini ya sehemu inayohisi maumivu. Binafsi, tangu niyasome matokeo hayo, sioni tena haja ya kubishana kama farasi anaumia.

Ubishi unaobaki ni kama mjeledi una faida. Mwaka 2011 McGreevy na David Evans waliwapima farasi 48 katika mbio tano, wakaona kwamba viboko viliongezeka kuelekea mwisho wakati farasi wamekwisha kuchoka na kasi inashuka, na kwamba kuchapwa hakukuhusiana na tofauti ya maana ya kasi. Majoki walijibu kwamba mjeledi kazi yake kubwa ni usalama: kumnyoosha farasi anayeyumba asimgonge mwenzake. Jibu hilo lina uzito, kwa maana farasi wa mbio ana karibu kilo 500 na anakimbia kwa zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Hata hivyo Uingereza kuna mbio za majoki wanafunzi ambamo mjeledi hubebwa lakini hautumiwi kuhimiza. Watafiti walizilinganisha mbio 67 za aina hiyo na nyingine 59 ambamo kuchapa kuliruhusiwa, na hawakuona tofauti ya maana katika kuyumba, kuzuiana, ajali wala muda wa kumaliza. Norway, kwa upande wake, ilipiga marufuku kumhimiza farasi kwa mjeledi tangu 1982, na mbio zake zinaendelea.

Kwa nini basi joki mzoefu, anayezijua kanuni na anayejua kamera zinamtazama, achape cha saba, cha nane na cha tisa?

Hapa namtetea kidogo. Joki yuko juu ya farasi kwa dakika mbili au tatu, moyo unamwenda mbio na mpinzani yuko ubavuni pake. Kanuni zilezile zinazomkataza kuzidisha viboko zinamwamuru pia apande kwa juhudi zote. Akionekana amelegea na farasi wake akashindwa kwa pua, wasimamizi watamwita kueleza kwa nini hakujitahidi, maana kwenye mchezo unaoendeshwa na kamari kulegea kunanuka rushwa. Nje ya ofisi ya wasimamizi yupo mwenye farasi, ambaye hamlipi joki mshahara wa mwezi ila humchagua mbio kwa mbio. Joki aliyeshindwa kwa kichwa akiwa amehifadhi viboko vyake huenda wiki ijayo akaona jina la mwingine kwenye orodha. Aliyeshinda kwa viboko tisa atafungiwa, na akirudi atapigiwa simu.

Hesabu iko wazi zaidi Marekani. Kwenye mbio za Kentucky Derby za tarehe 3 Mei 2025, uwanja ukiwa tope tupu, Junior Alvarado alishinda akiwa na Sovereignty. Viboko vilikuwa vinane, kikomo ni sita. Chini ya kanuni za kitaifa zilizoanza Julai 2022, anayezidisha kiboko kimoja hadi vitatu hufungiwa siku moja na kutozwa dola 250 au asilimia 10 ya fungu lake, kinachozidi kati ya hivyo viwili. Kwa kuwa lilikuwa kosa lake la pili ndani ya siku 180, uamuzi wa kwanza ulizidisha adhabu mara mbili: siku mbili na dola 62,000. Vichwa vya habari vikasema hii ni faini ya kutisha. Lakini zawadi ya mshindi ilikuwa dola milioni 3.1, na fungu la joki kwa kawaida ni asilimia 10, yaani dola 310,000. Toa faini, zinabaki dola 248,000. Alvarado alisema atakata rufaa, na ni haki yake. Ninachokitazama ni upande wa pili wa daftari, ambako mwenye farasi na mkufunzi hawakukatwa hata senti.

Hilo ndilo tatizo la kuadhibu mikono ya joki peke yake. Mkono wa joki unafanya kazi ya watu wengine, na watu hao wanabaki na faida yote ya kosa bila gharama yake. Kwao siku 20 za kufungiwa ni likizo ya mtu mwingine.

Mtu anaweza kusema dawa ni kumkamua joki fungu lake lote. Uingereza ilijaribu. Kanuni kali zilianza tarehe 10 Oktoba 2011, zikiwa pamoja na kikomo cha viboko vitano katika mita 200 za mwisho. Siku tano baadaye, hapohapo Ascot, Mbelgiji Christophe Soumillon alishinda Champion Stakes akiwa na Cirrus des Aigles, akapitisha kiboko kimoja katika kipande hicho cha mwisho. Alifungiwa siku tano na kupoteza fungu lake la zaidi ya pauni 50,000. Majoki waliwaka. Kabla ya mwezi kwisha, kikomo cha mita 200 za mwisho kilikuwa kimefutwa. Adhabu ilikuwa kubwa, kosa likiwa kiboko kimoja kwenye eneo ambalo joki hawezi kulipima vizuri akiwa mbioni, na yote ilimwangukia mtu mmoja. Mwenye farasi, kama kawaida, alibaki na kombe.

Kumwondoa farasi kwenye matokeo ni jambo jingine kabisa, kwa sababu hugeuza maagizo yanayotolewa kabla ya mbio. Mwenye farasi anayejua anaweza kupoteza zawadi nzima atamwambia joki wake ahesabu. Februari 2023, wiki chache tu baada ya utaratibu mpya kuanza katika mbio za kuruka viunzi, farasi jike Lunar Discovery alinyang'anywa ushindi kwa sababu joki alivuka kikomo kwa viboko vinne. Waliobeti hawakuguswa, kwani kamari hulipwa kwa matokeo ya siku ileile. Marekani nako, viboko vinne vya ziada huwanyima zawadi mwenye farasi na mkufunzi. Kwa hiyo kanuni sahihi ipo tayari pande zote mbili za bahari. Kasoro yake ni kwamba kati ya kikomo na adhabu hiyo wameacha nafasi ya viboko vitatu, na katika mbio zenye mamilioni, tofauti ya kichwa hununuliwa ndani ya nafasi hiyo. Mimi ningeiziba: kiboko cha kwanza cha ziada kimguse joki, cha pili kimguse na mwenye farasi.

Afrika Mashariki hatuko nje ya habari hii. Uwanja wa Ngong jijini Nairobi, chini ya Jockey Club of Kenya, una mbio zilizorithi taratibu zake kutoka Uingereza, na ukienda utawaona wasimamizi wakiwa na darubini zao. Wasomaji wengi wa pwani, lakini, mnyama wa mbio mnayemjua ni punda. Lamu hushindanisha punda wakati wa Maulidi na kwenye tamasha la utamaduni, vijana wakiwapanda bila tandiko kando ya bahari, na mji mzima hushangilia. Ngozi ya punda nayo inahisi maumivu, na kule pia kushinda ni sifa kwa mwenye mnyama na mtaa wake kabla ya kuwa sifa ya kijana aliyempanda. Waandaaji wa mbio za namna hiyo, popote walipo, hawahitaji kamera wala kamati ya Jumanne. Waweke watu wawili kwenye mita za mwisho, wakubaliane idadi kabla ya kuanza, na itangazwe kwa kipaza sauti mbele ya wenye punda kwamba anayezidisha, punda wake hahesabiwi.